Mama mkwe, injini ya 440 na sanduku la barua la jirani

Najua habari yangu na sanduku la barua mmeshaipata kwa swahiba wangu kwenye kundi la Wabongo wa Houston. Dakika nne nzima za sauti, na chumvi kilo mbili. Haya, sikieni na ya mwenye mkasa, mabega yenyewe bado yanawaka moto.

Dodge Dart yangu ya 1969 mnaijua: kigari kilichozaliwa na injini ya silinda sita iliyolalia ubavu kama mlevi ukutani. Mimi nikataka V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 440, lita 7.2, chuma cha kilo 300. Msinicheke. Mwaka huo huo Dart za 440 ziliuzwa. Ila ziliuzwa bila stelingi ya pawa, ile ya pampu inayokusaidia kuzungusha, maana hapakuwa na pa kuipachika. Injini imejaa mpaka eksozi ya upande wa dereva inapumuliana na boksi la stelingi. Hilo nililisoma vizuri tu. Nikasema, mtoto wa Tanga, niliyekuzwa na malori, stelingi ngumu itanifanya nini?

Miezi ya gereji nawarukia. Iliingia. Ilipowaka, vikombe vilicheza kabatini.

Jumamosi mama mkwe, aliyekuja kumwona mjukuu, akatoka na kanga yake mabegani. "Baba Zuwena, ndiyo hii iliyokula hela?" Nikasema ndiyo mama, karibu, nikamfungulia mlango. Swahiba akatoa simu. (Hapo ndipo ningeshtuka.)

Nikatia gia. Ni otomatiki, kwa hiyo hata mafuta hujakanyaga, inajiendea yenyewe, mwendo wa bibi harusi. Mbele yangu barabara. Ng'ambo, sanduku la barua la jirani juu ya nguzo yake. Natakiwa nikate kulia, na stelingi hii inataka mizunguko zaidi ya miwili mpaka tairi zikunje sawasawa.

Robo ya kwanza, nikatabasamu. Nusu, tabasamu likaisha. Robo tatu, nikaanza kuvuta kwa mikono miwili. Tairi zikalia kidogo, pua ya gari nzito kama jiwe la kusagia.

"Mwanangu, si ukate kona?"

"Nakata, mama."

"Mbona haikatiki?"

Mzunguko mmoja. Nikajiinua kitini. Na hapa ndipo swahiba anaposema breki zilikufa. Breki zilikuwa nzima! Ni mguu ndio haukuwepo: yote miwili niliikita sakafuni nipate nguvu ya kuvuta. Nalitazama sanduku linakuja, nasoma namba ya nyumba, nasoma hata stika ya bendera ya Texas, na bado navuta, sikumbuki kabisa kwamba gari lina pedali.

Gub.

Nguzo ikainama taratibu kama mtu anayeshikamoo. Sanduku likafungua mdomo, likatema bili tatu juu ya boneti.

Jirani akatoka, hakulitazama sanduku, akauliza kama hiyo ni 440, tukaongea saa nzima, nikamnunulia jipya, simenti nikamwaga mwenyewe. Mama mkwe siku hizi anakwenda dukani kwa miguu, kwa joto hili la Houston. (Mnaoniuliza spea, nitawajibu mkono ukipona.)

Jambo moja tu nataka lirekebishwe kwenye kundi. Eti mama mkwe alipiga ukunga. Mama alikaa kimya, kanga yake imetulia begani. Ile sauti nyembamba mnayoisikia kwenye video ni yangu.