Filamu ya sinema isafishwe kwa dawa yake

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa wapiga picha wamekuwa wakitia filamu ya sinema katika kamera za picha mnato, yaani picha zisizotembea, na sina ugomvi nao, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyoota mizizi ya kuivua filamu hiyo utando wake wa mgongoni, kuisafisha kwa dawa iliyotengenezewa filamu nyingine, kisha kuyasifia matokeo kwamba yana sura ya sinema. Mtu aliyetazama filamu hiyohiyo ikioneshwa ukumbini, ikiwa imesafishwa kama watengenezaji walivyokusudia, atajua kwamba sura ile hakuiona popote kwenye skrini.

Anayedhani kwamba mchanganyiko huu wa kamera na filamu ni uzushi wa vijana wa siku hizi akumbuke ilikotoka filamu yenyewe ya upana wa milimita 35 tunayoitia katika kamera. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alipounda kamera yake ndogo ya majaribio muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliijenga kwa ajili ya mkanda wa sinema uliokuwapo tayari. Katika kamera ya sinema mkanda ulipita wima na fremu ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Yeye akaulaza upite kwa ubavu na fremu ikawa maradufu, 24 kwa 36. Hiyo ndiyo Leica iliyooneshwa kwa umma mjini Leipzig mwaka 1925, na ndiyo fremu tunayoitumia mpaka leo.

Tatizo la leo linaanzia mgongoni mwa filamu. Filamu za rangi za Kodak Vision3, yaani 50D, 250D, 200T na 500T, zimekuwa zikitengenezwa na utando mweusi wa chembe za kaboni uitwao remjeti. Ndani ya kamera ya sinema, ambamo filamu hukimbia kwa fremu 24 kila sekunde, utando huo huipunguzia filamu msuguano na mikwaruzo na kuondoa umeme tuli ambao ungerusha cheche na kuacha alama kwenye picha. Watetezi wa kuuvua husema kwamba kamera ya picha mnato huvuta fremu mojamoja, hivyo shida hizo haziko, na katika hilo wana haki. Lakini remjeti ina kazi nyingine ambayo haitegemei mwendo: hunyonya mwanga uliokwisha kupenya tabaka zote za rangi, usigonge nyuma na kurudi.

Ukiuondoa utando kabla ya kupiga picha, mwanga mkali wa taa ya barabarani au wa bango la dukani hupita hadi nyuma, hurudi, na tabaka la kwanza kulikuta katika safari ya kurudi ni lile la chini kabisa, ambalo ndilo linalohisi wekundu. Ndiyo sababu taa hizo huzungukwa na duara jekundu katika picha za CineStill 800T, filamu inayouzwa kwa wapiga picha mnato, ambayo chanzo chake ni hiyo 500T iliyovuliwa utando. Sisemi kwamba duara hilo ni baya. Wako walioliweka mahali pake kwa ustadi mkubwa. Nasema kwamba ni kasoro iliyopewa cheo, na anayeitaka aitake akijua ni kasoro.

Jambo la dawa ni zito zaidi, ingawa halisemwi sana. Filamu ya kawaida ya rangi husafishwa kwa mfumo wa C-41, ambao dawa yake ya kwanza hutumia kemikali iitwayo CD-4 katika nyuzijoto 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15. Filamu ya sinema imesanifiwa kwa mfumo wa ECN-2, wenye kemikali ya CD-3, nyuzijoto 41.1 na dakika 3. Ukiitia filamu ya sinema katika C-41, picha hutoka, lakini weusi na weupe wake huachana kupita kiasi, na rangi za kivulini huelekea upande mmoja huku za mwangani zikielekea mwingine. Hakuna kitufe cha kompyuta kitakachozirekebisha zote kwa pamoja. Negativu ya ECN-2, yaani filamu iliyosafishwa ambayo picha yake bado imegeuzwa, hutoka imepooza, weusi na weupe wake vikikaribiana, kwa sababu ilikusudiwa kunakiliwa kwenye filamu nyingine yenye ukali zaidi, na upoo huo ndio utajiri wake kwa anayeskani, yaani anayeiingiza picha kwenye kompyuta: uso wa mtu aliyekaa kivulini na ukuta mweupe unaopigwa na jua nyuma yake hubaki na maelezo katika fremu moja. Anayechapisha moja kwa moja kwenye karatasi za rangi atapata picha iliyofifia, na huyo simlaumu akichagua filamu nyingine.

Kazi yenyewe nyumbani haitishi. Ndani ya tangi lililofungwa humiminwa kwanza maji ya uvuguvugu yenye boraksi na alkali nyingine, kwa sekunde kumi na ushei, ambayo huulegeza utando bila kuung'oa. Yakimwagwa, husukasukwa maji safi kwa nguvu, nayo hutoka meusi kama maji ya kuoshea sufuria ya kuni, mara ya pili kijivu, mpaka yawe meupe. Baada ya dawa zote, mabaki yanayong'ang'ania hufutwa kwa sponji laini upande wa mgongo tu, kwani chembe moja ikihamia upande wa picha itakaa hapo daima. Glavu zivaliwe, CD-3 haifai kugusa ngozi. Na mtu asiipeleke filamu yenye remjeti katika studio bila kusema, maana masizi yake yatachafua mashine na picha za arusi ya watu wengine. Asiyetaka taabu yote hii ana Double-X, filamu ya sinema ya nyeusi na nyeupe iliyoko tangu 1959, ambayo haina remjeti na husafishwa kwa D-76, dawa ya kawaida ya filamu za nyeusi na nyeupe.

Mwaka 2025 Kodak ilianza kuleta Vision3 isiyo na remjeti, ikiweka badala yake tabaka la ndani linalozuia mwanga kurudi na linalotoweka lenyewe katika dawa. Nimeipokea habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa sababu kubwa ya kuivua filamu imeondoka. Wasiwasi wangu ni kwamba sasa studio zitaipitisha katika mashine za C-41 bila hofu ya masizi, hali ECN-2 bado ndiyo dawa yake.