Baiskeli ya kukunja: alumini au chuma?

Muuzaji akishasema fremu ni ya alumini, neno linalofuata ni "nyepesi". Kwa ujazo uleule, ni kweli, alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma. Asichokisema ni kwamba ugumu wake nao ni theluthi moja, hivyo mtengenezaji hulazimika kutumia bomba nene ili fremu isinepe, na sehemu kubwa ya nafuu inaishia hapo. Brompton ya Uingereza, yenye fremu ya chuma, ina kilo 11 au 12 hivi. Dahon na Tern nyingi za alumini, za magurudumu ya inchi 20, hazipishani nayo sana.

Kwangu mimi, cha kuangalia ni bawaba, pale fremu inapokunjwa. Fremu ya kukunja haina ile pembetatu ya baiskeli ya kawaida. Mara nyingi ni boriti moja iliyokatwa katikati, na kila shimo la barabarani hupeleka kishindo chake pale. Chuma, mradi mzigo hauzidi kiwango chake, kinaweza kunepa na kurudi miaka na miaka. Alumini huchoka kidogo kidogo hata kwa mzigo mdogo. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huongeza unene karibu na bawaba, na fremu mpya ya kampuni inayoaminika haipaswi kumtia mtu hofu.

Kwenye mtumba ndipo mambo hubadilika, maana hujui imebeba nani wala imepita wapi. Ikunjue, ifute vumbi, kisha pitisha ukucha kwenye mshono wa kuchomelea pembeni mwa bawaba. Mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka unaweza kuwa ufa. Chuma kikipasuka, fundi mzuri wa gesi anaweza kukiunga. Alumini inataka mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni, na hata ikiungika, joto huwa limeilegeza kandokando ya mshono. Kiwandani uimara hurudishwa kwa tanuri, kitu ambacho karakana ya mtaani haina.

Chuma nacho kina adui wake: kutu, hasa pwani, nayo inaweza kuanzia ndani ya bomba la kiti ambako huioni. Alumini haina kutu hiyo, ingawa boliti za chuma zilizomo huganda kwa chumvi zisipopakwa grisi.

Kwa hiyo mkazi wa Tanga au Mombasa anayenunua mpya, tena yenye dhamana, namshauri alumini. Wa mtumba achukue chuma, hata kama kimechubuka rangi.