Donsol hawalishi papa, na mi nawaunga mkono

Ukitaja Ufilipino wengi wanawaza Manila au fukwe za Boracay basi, mi leo nataka niongelee Donsol, kamji ka wavuvi mkoani Sorsogon, kule kusini mwa kisiwa cha Luzon. Mto unamwaga maji baharini hapo hapo mjini, na boti zao wanaziita bangka, zina miti ya kuelea pembeni huku na huku, ukiiona tu unakumbuka ngalawa.

Kilichoipa Donsol jina ni papa potwe (whale shark), papa mkubwa mpole asiyewinda watu, wao wanamwita butanding. Mwaka 1998 picha za video za hao samaki zilisambaa, habari ikavuma, na wawindaji nao wakaja wakaua kadhaa, mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuwavua nchi nzima. Halmashauri ya mji ikaweka sheria zake kwa wageni wanaokuja kuogelea nao: papa mmoja boti moja, waogeleaji wasizidi sita, hamna kugusa, hamna flashi, hamna mitungi ya kuzamia, alafu kila boti ina mwongozaji aliyepewa mafunzo, na wengi wao wametoka kwenye uvuvi.

Utaratibu wenyewe ni hivi, jamaa mmoja anapanda juu kwenye mlingoti anatafuta kivuli cheusi majini, wewe umekaa ukingoni na miwani yako usoni, mwongozaji akisema ruka unaruka. Maji pale yana ukungu kwa sababu yamejaa planktoni, yaani vijidudu vidogo vinavyoelea baharini, ndo chakula kinachowaleta, kwahiyo huoni kitu, huoni kitu, mara mgongo wenye madoa meupe unapita chini yako, mrefu kuliko daladala.

Na kuna siku hamwoni hata mmoja. Hapa ndo watu wanalalamika, wanasema bora Oslob, mji mwingine wa Ufilipino kule kisiwa cha Cebu, maana tangu mwaka 2011 hivi wanawalisha papa uduvi kila asubuhi kwahiyo mgeni ana uhakika. Ni kweli hela Oslob imeingia nyingi na siwezi kumlaumu mvuvi mwenye watoto wa kusomesha. Lakini watafiti wamekuta papa wa pale wengi wana makovu, na wengine wanakaa muda mrefu kuliko kawaida wakisubiri mkono wa mtu, mnyama ambaye kwa asili anasafiri mamia ya kilomita anazoea kusogelea boti, siku akikutana na boti ya mtu mwenye nia mbaya je?

Donsol wamelipia msimamo wao, kuna misimu papa wameonekana wachache sana na wenye boti wameumia kweli. Jioni wanapeleka wageni mtoni kuangalia vimulimuli kwenye miti, inasaidia kidogo. Mi naona serikali yao ingewabeba miaka hiyo mibaya, sio haki mji mmoja ubebe peke yake gharama ya kufanya jambo sahihi.

Hili linanigusa kwa sababu potwe tunao Mafia, pale Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Ombi langu kwa wenye boti, mgeni akiuliza kama atamwona kweli mwambieni ukweli kabla hajatoa hela, kwamba mnaenda kumtafuta na mnaweza msimpate, na mkimpata boti zisimzunguke zote kwa pamoja.