Ruzuku ya Bima ya Afya Marekani: Kwa Nini Kundi Moja Tu Ndilo Linaloulizwa?

Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, serikali kuu ya Marekani ilifunga sehemu kubwa ya shughuli zake kwa siku 43. Kabla ya hapo ilikuwa haijawahi kufungwa muda mrefu kiasi hicho. Waongoza ndege walikwenda kazini bila mshahara, na msaada wa chakula unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 ukakwama Novemba. Kisa chenyewe kilikuwa ada za bima ya afya. Wademokrat walikataa kupitisha fedha za kuendesha serikali mpaka Warepublikan wakubali kuongeza muda wa ruzuku ya ada hizo, iliyokuwa inaisha Desemba. Warepublikan wakajibu: fungueni serikali kwanza, hayo mengine tutayazungumza.

Hatimaye maseneta saba wa Democratic na mmoja wa kujitegemea walipiga kura pamoja na Warepublikan, baada ya kuahidiwa kwamba suala la ruzuku lingepigiwa kura Seneti kabla ya mwaka kwisha. Ahadi ilitimizwa tarehe 11 Desemba. Kura zikawa 51 kwa 48, na zilihitajika 60. Mwaka ulipogeuka, ruzuku ikawa imekwisha.

Kabla ya kupima nani ana hoja, ni vizuri kuelewa ni nini hasa kilichoisha, maana hata baadhi ya vyombo vya habari vimelichanganya. Wamarekani wengi hupata bima kwa mwajiri. Waliofikisha miaka 65 wana Medicare, na wenye kipato kidogo sana wana Medicaid; zote mbili ni bima za serikali. Wanaobaki katikati hujinunulia wenyewe: dereva mwenye lori lake, msusi mwenye saluni yake, mkulima, mwenye duka, mtu wa miaka 62 aliyeacha kazi mapema. Hao ndio waliolengwa na sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama mwaka 2010, ile inayoitwa Obamacare. Iliwafungulia masoko ya bima, ikazikataza kampuni kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alio nao, na ikatoa ruzuku kwa wenye kipato cha kuanzia asilimia 100 hadi 400 ya mstari wa umaskini. Ruzuku hiyo ya 2010 bado ipo.

Kilichoisha ni nyongeza. Mwaka 2021, wakati wa korona, Wademokrat chini ya Rais Joe Biden waliamua kwamba wenye kipato cha chini wasilipe kitu kwa mpango wa kawaida wa bima, na kwamba mtu yeyote, hata akiwa juu ya asilimia 400, asitozwe zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato chake. Mwaka 2022 wakaiongezea muda hadi mwisho wa 2025.

Sasa tazama ukomo ule wa asilimia 400 uliorudi. Kwa watu wawili, kwa bima ya mwaka 2026, ni dola 84,600. Mume na mke wenye miaka 60 wanaopata kiasi hicho kamili watalipa si zaidi ya asilimia 9.96 ya kipato chao kwa mpango unaotumika kupimia ruzuku, yaani kama dola 8,400 kwa mwaka. Wakipata dola 85,000, ruzuku yote inakatika. Shirika la utafiti wa afya la KFF lilikadiria kwamba wenzi kama hao, kwa wastani, wangelipa zaidi ya dola 22,000 juu ya walichokuwa wakilipa mwaka uliotangulia. Tofauti ya kipato kati ya kaya hizo mbili ni dola 400. Sheria inayomfanya fundi mwenye umri huo aikatae kazi ya Desemba ili asipoteze bima haiwezi kuitwa nidhamu ya matumizi.

Chini kabisa ya ngazi, mtu mmoja mwenye kipato cha dola 22,000 alikuwa halipi kitu, sasa atalipa kama dola 66 kwa mwezi. Anayepata 85,000 ataziona ndogo, lakini anayehesabu kodi ya nyumba na mafuta ya gari hawezi. Kwa wastani wa wote wanaopata ruzuku, KFF ilikadiria ada ingepanda kutoka dola 888 kwa mwaka hadi 1,904.

Warepublikan wanasema nini? Wanasema mengi, na si yote ya kupuuza.

Kwanza, wanakumbusha kwamba hii ilikuwa fedha ya dharura, na dharura imepita. Ni kweli. Tena tarehe ya mwisho waliiandika Wademokrat wenyewe, mara mbili, bila kura hata moja ya Republican. Waliiandika fupi kwa sababu gharama ya kuifanya ya kudumu ingewatisha wengi: Ofisi ya Bajeti ya Bunge, CBO, inaikadiria kuwa kama dola bilioni 350 kwa miaka kumi. Nchi yenyewe ina deni lililopita dola trilioni 38. Chama kilichotega saa hiyo kwa mkono wake kinapaswa kusema hivyo hadharani.

Pili, kuna udanganyifu, na ushahidi upo. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ilitunga waombaji ambao hawapo duniani. Wanne wa mwaka 2024 walikubaliwa wote. Kati ya ishirini wa mwaka 2025, kumi na wanane walikuwa bado wanalipiwa ruzuku ilipofika Septemba. Tena kulikuwa na mawakala wa bima walioandikisha watu bila wao kujua ili walipwe kamisheni. Ilikuwa rahisi kwa sababu mtu asiyelipa kitu haletewi bili, na asiyeletewa bili hana namna ya kugundua kwamba jina lake linatumika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na nasikitika kwamba Wademokrat huikwepa. Mnunuzi akiwekewa kikomo cha asilimia ya kipato chake, kila dola inayoongezeka kwenye ada juu ya kikomo hicho inalipwa na serikali. Mnunuzi haioni. Kampuni ya bima haina hofu ya kumpoteza, na hospitali inayoidai kampuni hiyo haina sababu ya kupunguza bei. Ada za mipango inayotumika kupimia ruzuku zilipanda kwa wastani wa asilimia 26 kwa mwaka 2026. Kampuni zenyewe, zikieleza kwa nini zinaomba kupandisha, zilitaja zaidi bei za hospitali na dawa. Kwisha kwa nyongeza kulichangia takriban asilimia nne tu. Ruzuku ingeongezewa muda au isiongezewe, bei ilikuwa njiani.

Lakini ukimuuliza mwenye hoja hiyo atafanya nini, jibu linapungua uzito. Maseneta Mike Crapo na Bill Cassidy walipendekeza mtu awekewe dola 1,000 kwa mwaka, au 1,500 akiwa na miaka 50 hadi 64, kwenye akaunti ya akiba ya matibabu, ikiwa atachagua mpango wa bei nafuu. Rais Donald Trump naye anasema fedha ziende kwa watu moja kwa moja, zisipitie kampuni za bima. Linapendeza sikioni. Ila mipango hiyo ya bei nafuu humtaka mgonjwa alipe mwenyewe, kwa wastani, zaidi ya dola 7,000 kabla bima haijaanza kulipia matibabu mengi. Mwenye kisukari anamaliza dola 1,000 mapema, na ada ya bima yenyewe hairuhusiwi kulipwa kutoka kwenye akaunti hiyo. Mpango huo nao ulishindwa Seneti siku ileile ya 11 Desemba. Hiki ni chama kilichoahidi mbadala wa Obamacare tangu 2010. Mwaka 2017 kilikuwa na Bunge lote na Ikulu, na jaribio lake likaangushwa kwa kura ya seneta wake mwenyewe, John McCain.

Upande wa pili una matokeo ya kuonyesha. Walioandikishwa kwenye masoko haya walikuwa kama milioni 12 mwaka 2021. Mwaka 2025 walizidi milioni 24. CBO inasema nyongeza ikidumu, watu karibu milioni nne zaidi watakuwa na bima ifikapo 2035. Ada ikipanda, wa kwanza kuondoka ni kijana mwenye afya, na anayebaki kwa gharama yoyote ni mwenye saratani, kwa hiyo mwaka unaofuata bei inapanda tena kwa waliobaki. Aliyeondoka naye haachi kuugua. Tangu 1986 sheria inazitaka hospitali kumhudumia mgonjwa wa dharura hata kama hana senti, na gharama hiyo huishia kwenye bili za wengine.

Kinachonifanya niegemee upande wa kuirudisha ruzuku, hata hivyo, si takwimu hizo peke yake. Ni kitu ambacho katika siku zote 43 kiliguswa mara chache mno. Mwajiri wa Marekani anapomlipia mfanyakazi bima, fedha hiyo haikatwi kodi. Zaidi ya watu milioni 150 wana bima ya namna hiyo, na kwa makadirio ya CBO serikali inaachia zaidi ya dola bilioni 300 kila mwaka kwa njia hii. Nyongeza iliyoleta ugomvi wote huu ingegharimu kama bilioni 35 kwa mwaka. Tena msamaha wa mwajiri humfaidi zaidi mwenye mshahara mkubwa, kwa kuwa ndiye ambaye angekatwa kodi kwa kiwango cha juu. Mwanasheria wa kampuni kubwa New York analipiwa na mlipa kodi, na hakuna anayemwita tegemezi. Msusi wa Houston akisaidiwa kwa fungu linaloonekana kwenye bajeti, anaulizwa kwa nini asijitegemee. Kama swali ni haki ya mlipa kodi, basi liulizwe kwa wote wawili.

Kuirudisha hakumaanishi kuirudisha kama ilivyokuwa. Ukomo wa asilimia 400 unapaswa kuwa mteremko: msaada upungue kidogo kidogo kadiri kipato kinavyopanda, hadi uishe wenyewe. Maseneta Susan Collins na Bernie Moreno, wote Warepublikan, walipendekeza miaka miwili zaidi, kikomo cha kipato cha dola 200,000, na kila mtu alipe angalau dola 25 kwa mwezi. Kikomo hicho nakiona cha busara. Dola 25 zinanitia wasiwasi: zitapunguza majina hewa, lakini zitamwangusha pia maskini wa kweli aliyekosa kulipa miezi miwili. Wizi ulifanywa na mawakala, basi wabanwe mawakala: wakala asibadilishe bima ya mtu bila mwenyewe kuthibitisha, na anayekamatwa apoteze leseni.

Cha ajabu ni nani anayeumia. Zaidi ya nusu ya wanaonunua bima kwenye masoko haya wanaishi katika majimbo ya uchaguzi yenye mbunge wa Republican. Florida peke yake ilikuwa na kama milioni 4.7 mwaka 2025, na Texas karibu milioni nne. Yote mawili yalikataa kupanua Medicaid, na hivyo wenye kipato kidogo wakasukumwa sokoni. Ndiyo maana Marjorie Taylor Greene, wakati huo mbunge wa Republican wa Georgia, ambaye hakuna aliyewahi kumdhania Mdemokrat, alisema wazi kwamba ada za watoto wake watu wazima zingepanda mara mbili. Desemba, wabunge wanne wa Republican walisaini hoja ya Wademokrat ya kulazimisha kura. Tarehe 8 Januari 2026 Baraza la Wawakilishi likapitisha nyongeza ya miaka mitatu kwa 230 dhidi ya 196, Warepublikan 17 wakiunga mkono. Seneti haikufuata. Mazungumzo yalikwama hasa kwenye utoaji mimba, kwani Warepublikan walitaka masharti makali zaidi juu ya mipango inayougharamia.

Lipo pia la wahamiaji, na hapa wasomaji wa Kiswahili walioko huko wanahusika moja kwa moja. Wakati wote serikali ilipokuwa imefungwa, Warepublikan walirudia kwamba Wademokrat wanapigania matibabu ya wasio na vibali. Sheria ya 2010 inawakataza watu hao kununua bima kwenye masoko haya hata kwa fedha zao wenyewe, seuze ruzuku. Walioguswa ni wenye vibali. Sheria kubwa iliyosainiwa na Trump tarehe 4 Julai 2025 inawaondolea wakimbizi na waliopewa hifadhi haki ya Medicaid kuanzia Oktoba 2026, na ruzuku ya bima kuanzia Januari 2027, mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Miaka ya 2023 na 2024 nchi iliyopeleka wakimbizi wengi zaidi Marekani ilikuwa Kongo. Familia iliyokaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Tanzania, na kuchunguzwa na serikali ya Marekani yenyewe ndiyo inayowekwa kwenye kundi la walioingia kwa mlango wa nyuma. Hilo si suala la bajeti, na linapaswa kusemwa hivyo.

Bei je? Sheria ileile ya 2022 iliyoongeza muda wa ruzuku iliipa Medicare uwezo wa kujadiliana bei na kampuni za dawa, na bei mpya za dawa kumi za kwanza zimeanza kutumika Januari 2026. Kwa hiyo inawezekana. Lakini bei hizo ni za Medicare tu. Anayejinunulia bima sokoni hazimhusu, na bei za hospitali hazikuguswa kabisa. Dirisha la kununua bima ya mwaka 2027 linafunguliwa tarehe 1 Novemba 2026. Uchaguzi wa Bunge ni tarehe 3.