Redio Haiji Kuvuna Nasi

Redio ya Mama imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, maana kifuniko cha betri kilipotea kabla sijamaliza shule. Inakaa dirishani jikoni, kule kwetu upande wa Chwele, Bungoma, magharibi mwa Kenya, na alfajiri inaanza kuongea Kibukusu: matangazo ya mazishi, salamu, michango, halafu mtaalamu wa mbegu. Mama anasikiliza huku anakama. Ukimuuliza mtaalamu kasema nini, atakurudishia karibu neno kwa neno. Ukimuuliza kama atafanya hivyo, atacheka tu na kuendelea kukama.

Kicheko hicho ndicho kinachonifanya niandike. Nimeshakaa kwenye warsha mbili tatu katika hoteli za Kisumu, zile za maji ya chupa na sambusa za saa nne, nikasikia wasomi wakikubaliana kwamba shida ya mkulima wetu ni kukosa habari, au akizipata, ni ukaidi. Dawa yake ni uhamasishaji. Mimi nasema Mama hana njaa ya habari. Ana redio. Jumamosi anaenda kwa jirani kutazama runinga, na Shamba Shape Up, kile kipindi cha kilimo, anakijua tangu kilipoanza kwenye runinga ya Citizen mwaka 2012. Kuna agroveti, duka la mbegu na dawa za shamba, pale sokoni, kuna tangazo baada ya ibada, kuna kundi la WhatsApp la chama ambalo dada yangu humsomea kwa sababu yeye mwenyewe ana kabambe, simu ndogo ya vitufe. Anachokosa ni mtu ambaye yeye atamshika shati mambo yakiharibika.

Chukua mwaka 2023. Miezi mizima tulihubiriwa mvua kubwa za El Niño mpaka watoto wakaijua kwa jina. Mama akavunja mahindi mapema, mengine yakiwa bado na maji. Oktoba tukatangaziwa, tena na Rais mwenyewe, kwamba hali haitakuwa kama ilivyohofiwa. Majirani waliokuwa hawajavuna wakashusha pumzi, wakaacha matita yao shambani. Novemba mbingu zikafunguka, na kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Hasara kubwa ilikuwa kaskazini na Pwani, kweli. Lakini kwetu si lazima mvua ifike kuwa mafuriko. Inatosha inyeshe mchana siku tano mfululizo wakati mahindi yako yako uani juu ya turubai.

Simlaumu mtabiri sana. Watu wa hali ya hewa huzungumza kwa uwezekano: kuna uwezekano mkubwa kiasi hiki wa mvua kuzidi wastani katika eneo fulani. Taarifa hiyo ikifika studio, neno uwezekano limeshadondoka njiani. Kinachobaki ni inakuja au haiji. Na mtangazaji akishasema inakuja, kesho yake yuko kwenye habari za mpira, mkulima yuko na matita.

Kilichomwokoa Mama mwaka ule ni chupa na chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, unatia mahindi kiasi, unaongeza chumvi kavu vijiko kadhaa, unafunga, unatikisa dakika chache, unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Isiponata, unaweza kuweka kwenye gunia. Bodi ya nafaka hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chupa haikupi namba hiyo, ila inakuzuia usiweke ukungu ghalani ukidhani umeweka chakula. Alifundishwa na afisa wa kilimo zamani, mimi nikiwa mgongoni. Jina la afisa huyo analikumbuka mpaka leo, na ukoo wake, na kwamba alikuwa hali kuku.

Habari ile ya chupa unaijaribu kwa mkono wako, jikoni kwako, bila kupoteza hata shilingi, ndipo uamue kuiamini au kuiacha. Ni habari chache sana za redioni zenye adabu hiyo. Nyingi zinataka kwanza utoe pesa, upande, usubiri miezi sita, ndipo ujue kama ulidanganywa.

Hapo nina kisa changu mwenyewe. Viwavijeshi vile vipya vilipotuingilia mwaka 2017, hakuna aliyevijua. Kwenye simu zikazunguka tiba za kila aina: majivu, sabuni ya unga, pilipili, mchanga wa mtoni. Mimi, msomi wa familia, nikasikia kipindi kwenye kituo kimoja, nikaamini, nikatuma pesa za dawa iliyotajwa. Ndugu yangu akaipiga saa sita mchana, jua kali. Kipindi hakikusema saa. Kumbe kiwavi yule mchana hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, na hutoka kula jua likipoa, kwa hiyo dawa hupigwa alfajiri au jioni, na ielekezwe kwenye moyo wenyewe. Sisi tuliosha majani. Nilipopiga simu kituoni kuuliza, dada mmoja mpole akaniambia kipindi kile kililipiwa, niwaulize wenye dawa. Wenye dawa hawakushika simu.

Kililipiwa! Dakika thelathini nzima, na sauti ile ile ninayoijua, inayosoma matangazo ya mazishi ya watu wetu. Mtu anayekuambia shangazi yako anazikwa Ijumaa humtilii shaka. Akiendelea kwa sauti hiyo hiyo kukuambia dawa fulani ni kiboko, utajuaje kwamba sasa anauza?

Siku hizi huku kwetu anayeuza ndiye anayefundisha. Ukiwa na jani lenye madoa unalipeleka agroveti, na yule kijana nyuma ya kaunta anakupa alichonacho rafuni. Sisemi ni mwizi. Wengi wao wanajua kazi. Lakini angalia ni habari gani haina wa kuipigia debe. Udongo wa sehemu kubwa ya magharibi una asidi nyingi, na tumeukaanga zaidi kwa kutia DAP, mbolea ya kupandia, msimu baada ya msimu, kwa sababu amonia iliyomo ikigeuka nitrati udongoni huacha asidi nyuma yake. Udongo ukishachachuka, hata fosforasi unayonunua kwa bei hiyo hunaswa na madini ya alumini na chuma, mmea hauioni. Chokaa ya kilimo husaidia. Sasa niambie: DAP nimeisikia ikiimbwa redioni tangu utotoni. Chokaa haijawahi kuwa na wimbo. Ni nzito kubeba, inatakiwa magunia kadha wa kadha kwa ekari, na matokeo yake huchelewa. Nani atainunulia dakika thelathini?

Kuwa mkweli, redio na magazeti yametufaa pia. Mwaka 2024 ni waandishi wa habari za upekuzi waliofichua mbolea feki iliyokuwa ikiuzwa ndani ya mpango wa ruzuku wa serikali, ile ya mfuko wa shilingi 2,500. Maofisa walianza kwa kukanusha. Kama si waandishi, tungeendelea kuambiwa mkulima hajui kupanda. Ila jambo lile lilitufundisha kitu kibaya pia: kwamba hata ujumbe unaokuja na nembo ya serikali una mkono mwingine nyuma yake. Baada ya hapo Mama aliacha hata kusoma SMS za mbolea. Dada yangu huzifuta.

Wazee wanapenda kusimulia enzi za maofisa. Miaka ya 1980 palikuwa na mfumo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, afisa ana ratiba ya kutembelea wakulima wake, na yeye mwenyewe anafundishwa upya mara kwa mara. Ulikuwa na kasoro zake, hasa kupenda wakulima wenye mashamba makubwa na chai ya maziwa. Miaka ya 1990 serikali ikabanwa, kuajiri kukasimama, waliostaafu hawakuzibwa pengo. Mwaka 2013 kilimo kikahamia kaunti. Afisa wa wadi yetu ni kijana mzuri, msikivu, ana pikipiki. Mafuta ndiyo hana. Hutajwa kwamba afisa mmoja anafaa kuhudumia wakulima 400. Wetu hata akilala kwenye pikipiki hawezi kuwamaliza alio nao.

Lakini tazama kilichoshika mizizi kweli. Lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, striga, Waluo wanaliita kayongo, lina mbegu ndogo kama vumbi na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, walionyesha kwamba ukipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni, gugu linapungua na kipekecha bua naye anavutwa nje. Jirani yetu hakulipata hilo redioni. Alienda kwenye matanga ya shemeji yake upande wa Busia, akaona shamba, akauliza, akarudi na vipando kwenye mfuko wa sukari. Msimu wa pili akawa na lishe ya ng'ombe, na nyumba tatu zikaja kuomba vipando. Mama mmojawapo. Hakuhamasishwa na mtu. Aliruka ua, akaangalia.

Jambo jingine ambalo warsha haziligusi ni nani anayeshika kitufe. Habari za jioni zikianza, wanawake wako mekoni. Vipindi vya kupiga simu hupigwa na wanaume wanaokaa sentani, pale madukani, wenye salio na nafasi. Wanaopalilia ndio hawaulizi. Kuna programu ya simu inayoitwa Nuru, ya PlantVillage, inayotazama jani la muhogo au hindi kwa kamera na kukuambia ugonjwa au mdudu, tena kwa Kiswahili, hata bila bando. Kazi nzuri. Nilimwonyesha Mama kwa simu yangu akashangaa sana. Kisha nikarudi Kisumu na simu yangu.

Basi ningekuwa na kituo cha redio, kwanza ningelazimisha kila kipindi cha kilimo kianze kwa kutaja, kwa lugha ile ile ya kina mama, ni nani amekilipia. Si kwa Kiingereza cha haraka mwishoni. Na mtaalamu aliyekuja Machi kusifu mbegu fulani, ningemrudisha Novemba. Tumwite na mkulima aliyeipanda, wakae meza moja, ahesabu magunia, aseme alipata hasara au la, na yule mtaalamu ajibu. Sijawahi kusikia kipindi cha Novemba. Redio zetu hupanda kila mwaka, haziji kuvuna.

Najua watasema haina wadhamini. Labda. Lakini kipindi cha mkulima aliyeumia akimuuliza muuzaji maswali kingesikilizwa kuliko mpira, naapa.

Wiki iliyopita Mama alinipigia kuuliza habari za chokaa, alikuwa ameisikia kwa yule jirani wa desmodiamu. Nikamtumia dada yangu kijitabu kizima kwenye WhatsApp, kurasa ishirini na kitu, cha Kiswahili safi. Jioni Mama akapiga tena.

"Huyu aliyeandika, analima wapi?"

Nikamwambia sijui, Mama, ni watu wa utafiti.

"Haya. Basi nitafutie yule kijana wa pikipiki."

Nimempigia. Anasema atafika Alhamisi kuchukua udongo upimwe, nikimtumia ya mafuta. Nimemtumia mia tano.