Bandeji za kisasa na kidonda chenye usaha: je, tunatafuta dawa mahali pake?

Kila asubuhi ya kusafisha kidonda cha mguuni cha baba mkubwa, nesi alimimina maji ya chumvi juu ya shashi, akasubiri, kisha akavuta taratibu. Bado ilitoka na damu. Mwenyewe hakusikia kitu, maana kisukari kilishamtia ganzi nyayo zote mbili. Niliyekunja uso ni mimi. Niliona wazi kwamba ile shashi iliyogandia ilikuwa iking'oa ngozi changa iliyoanza kuota.

Kwa hiyo nawaelewa sana watafiti wanaohangaika na bandeji za kisasa. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe kipigwe upepo kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kilifunikwa na ngozi mpya haraka karibu mara mbili ya kile kilichoachwa wazi.

Kidonda chenye maambukizi kina kazi ya ziada. Bakteria hujijengea utando wa utelezi ambao dawa huupenya kwa shida, na mguu wenye mishipa iliyoziba haupati damu ya kutosha kuufikishia antibaiotiki ya kumeza. Ndipo likaja wazo la bandeji kubeba dawa yenyewe: madini ya fedha, iodini, asali, au kitosani inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza bandeji yenye vihisio inayopima hali ya kidonda na kukipa umeme mdogo, na vidonda vya panya vikapona haraka zaidi.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie. Ngozi ya panya hufunga jeraha zaidi kwa kujikunja, yetu hulazimika kujenga nyama mpya. Tena panya wa maabara hakanyagii kidonda chake akienda sokoni. Bandeji za fedha zilipopimwa kwa watu wenye vidonda vya miguu vinavyoletwa na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, nchini Uingereza, katika utafiti wa VULCAN uliochapishwa 2009, hazikuponya kuliko bandeji za kawaida baada ya wiki 12, ila gharama ilikuwa juu. Mwongozo wa 2023 wa kundi kazi la kimataifa la mguu wa kisukari unashauri bandeji za kuua vijidudu zisitumiwe kwa lengo la kuponyesha vidonda hivyo. Iliyofanya vizuri ni bandeji yenye sukrosi oktasalfeti, kemikali inayotokana na sukari: katika utafiti wa 2018, vidonda asilimia 48 vilifunga ndani ya wiki 20, dhidi ya asilimia 30 kwa bandeji ya kulinganishia. Lakini vile vilikuwa vidonda visivyo na maambukizi. Mwenye usaha bado anasubiri.

Wapo wanaosema basi, turudi kwenye asali yetu ya Tabora. Asali kweli hunyonya maji, ina asidi, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu. Ushahidi wake ni mzuri kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina. Ila asali ya chupa ya dukani inaweza kubeba mbegu za bakteria, na ukiichemsha unaua kimeng'enya kinachoifanya ifae. Asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama.

Mimi nasema utafiti uendelee, lakini uanze na bandeji isiyogandia, inayokaa siku kadhaa bila kubadilishwa na isiyoharibika kwa joto la stoo ya zahanati. Bei yake ilinganishwe na nauli za bodaboda za mwezi mzima za kwenda kubadilishiwa bandeji, si na bei ya kipande kimoja cha shashi. Na ipimwe kwa watu wenye maambukizi, huku wote wakikatwa nyama iliyokufa, wakipewa antibaiotiki inayostahili na kusaidiwa wasiukanyagie mguu wenye kidonda.

Kidonda cha baba mkubwa kilifunga baada ya miezi saba. Kilianza kupungua alipokuja nesi mwingine aliyechonga ule ugumu wa pembeni kila wiki, na akampa magongo asikanyagie mguu ule. Shashi ilikuwa ile ile. Ila wiki zote ilizokuwa ikitoka na ngozi yake changa, nazo zimo ndani ya ile miezi saba.