Msumeno wa Mkono Nao Unahitaji Cheti?

Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda maeneo yake ya pori, na injini zikapigwa marufuku humo. Mti ukianguka njiani, chensoo, yaani msumeno wa injini, haiugusi. Unakatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, na mara nyingi wanaoushika ni watu wa kujitolea. Mwaka 2016 Idara ya Misitu ya huko iliwataka wawe na cheti: wasome, wapimwe kwa vitendo, wajue huduma ya kwanza, na baada ya miaka 3 wapimwe upya.

Manung'uniko ni mengi, na yana msingi. Wakaguzi wa Bunge walieleza mwaka 2013 kwamba Idara ina njia za miguu zenye urefu wa zaidi ya kilomita 250,000, na ni kama robo tu zilizotimiza viwango vya matunzo. Magogo yanalala njiani msimu hadi msimu. Wapitaji wanayazunguka, vijia vipya vinachimbika ubavuni, mvua inavifuata na udongo unaondoka. Katikati ya hali hiyo, mzee aliyekata magogo miaka 30 anaambiwa asubiri mkufunzi. Wanaopinga wanauliza pia: msumeno wa mkono una hatari gani, ikiwa ukiacha kuvuta nao unasimama? Hata wapasua mbao wa kwetu, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, cheti walipewa na nani?

Hoja hiyo imeutazama msumeno, ikalisahau gogo.

Mti ulioanguka mlimani haujatulia. Kichwa kimeegemea jiwe, shina limening'inia, mizizi bado imeshika ardhi upande mmoja. Chukua ufito mbichi, ulaze juu ya mawe mawili, mwenzako aubonyeze katikati. Ukiukata kwa juu, kisu kinabanwa. Ukiukata kwa chini, unapasuka ghafla na kuruka. Sasa badala ya ufito weka shina lenye unene wa nusu mita, na badala ya kidole cha mwenzako weka uzito wa mti mzima. Likiwa limebanwa kutoka ubavuni ni baya zaidi, kwa sababu kuna upande ambao mtu hapaswi kusimama kabisa. Hapo mpini mmoja unafunguliwa na kazi inamaliziwa na mtu mmoja. Kwenye mteremko mkali ni vivyo hivyo: gogo likiachia, aliyesimama chini ndiye litakayemfuata. Na mguu ukivunjikia huko, machela inabebwa na wenzako hao hao kwa saa nyingi.

Aliyekata miaka 30 magogo yaliyolala tambarare huenda hajawahi kujiuliza asimame upande gani hata siku moja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo mazuri hupita kabla jino halijagusa gome: zunguka gogo, tazama linavutwa wapi na linabanwa wapi, safisha njia ya kukimbilia, elewana na mwenzako nani ataondoka kwanza. Kisha vuta, usisukume, kwani ukisukuma bapa linajikunja. Mkato ukianza kujifunga, piga kabari. Ukianza kupanuka wenyewe, jiandae. Nyuzi zikilia ndani ya mti, mnazisikia nyote wawili. Muungurumo wa chensoo ungezimeza. Msumeno huu unampa mtu onyo, lakini lazima awe amefundishwa kulitambua.

Kuhusu muda wa kusubiri, walalamikaji wana haki, japo dawa yake si kufuta cheti. Utaratibu wenyewe una ngazi, na mwanafunzi anaruhusiwa kukata akisimamiwa na aliyehitimu ngazi ya juu, kwa hiyo mgeni hana sababu ya kukaa bure. Tatizo huja pale wakufunzi wanapokuwa wachache na kila mtu anatakiwa kuwafuata waliko. Mkufunzi na apande mlima na kikosi, apime watu juu ya gogo lile lile linaloziba njia. Jioni wakiteremka, vyeti vimeandikwa na njia inapitika.